Nyumba ya Tandale milioni 68, ndugu wananicheka, ninunue au niache?

Shangazi shikamoo. Nimekuwa nakusoma muda mrefu sijawahi kuandika ila hili limenizidi kimo, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi maana dalali ananipigia simu mpaka saa nne usiku.

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, nauza kwenye duka la dawa hapa Sinza, duka sio langu, nimeajiriwa. Mwaka jana mimi na ndugu zangu tuliuza shamba la marehemu baba kule Muheza, fungu langu likatoka milioni 22. Nkajumlisha na za kikoba na akiba yangu ya miaka yote nkafika milioni 42. Hela hiyo Shangazi siitaki ipotee, ni jasho la baba yangu, nataka nifanye kitu ambacho hata nikifa watoto wanasema mama alituachia.

Sa, kuna dalali mmoja kanipeleka Tandale. Nyumba ya Kiswahili ile ya zamani, vyumba sita na korido katikati, uani kuna choo na bafu, mbele vyumba viwili vimeshageuzwa fremu, moja kinyozi, nyingine wakala wa mpesa. Bei ilikuwa 75, ikashuka hadi 68 kwa sababu kaka mwenye kuuza ana shida ya haraka. Ni nyumba ya marehemu babu yao, yeye ndio anasimamia, ana dada zake wawili wako Tanga anasema hawana neno. Karatasi walizonionyesha ni leseni ya makazi yenye jina la babu na barua ya serikali ya mtaa. Kuna wapangaji, na kuna mzee mmoja yuko chumba cha nyuma wanasema ni baba mdogo wa familia, ataondoka.

Dalali kanipigia hesabu, vyumba vinne mara elfu 50 ni laki mbili, fremu mbili laki na ishirini ishirini, jumla laki nne na arobaini kwa mwezi. Akasema dada hapa unakaa tu hela inakuja, na Tandale ya sasa sio ya zamani, lami imeingia, mto umejengwa, kwa bodaboda dakika tano uko kituo cha mwendokasi Manzese, miaka kumi ijayo hapa ni Kariakoo. Inayopungua milioni 26 nimeongea na sakosi yetu wako tayari kunikopesha kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka mitano.

Tatizo ni nyumbani. Mume wangu kasikia Tandale akaweka kijiko chini. Anasema huko ni Panya Road wale vijana wa mapanga, mateja, vigodoro usiku kucha, kipindupindu, wapangaji hawalipi, bora tununue kiwanja Chanika kilichopimwa tukae nacho. Wifi yangu ndio kamaliza kabisa, kaniambia mbele za watu "unanunua nyumba au unanunua vibaka?" wote wakacheka. Kiukweli iliniuma, na mi mwenyewe nikienda kule nashika pochi kwa mikono miwili. Ila nkikaa nkipiga hesabu naona hawa wanaonicheka wote ni wapangaji.

Mpango wangu nikishanunua ni kuwatoa wote, nipige rangi, niweke vigae, nipandishe kodi ili waje watu wa maana. Je Shangazi, jina baya la mtaa linaweza kunifilisi? Ninunue au nimsikilize mume wangu?

Mama wawili, Sinza

*

Marahaba mwanangu, pole kwa wifi. Mawifi wana kazi yao duniani na huyo wako anaifanya vizuri.

Ngoja nikuambie kitu kwanza ili ujue unaongea na nani. Mimi nimekulia Manzese. Nilivyokuja kuchumbiwa niliwaambia wakwe natoka Magomeni, na siku ya mahari ilibidi tuazime sebule ya mama mkubwa Magomeni kweli ili uongo usianguke. Kwa hiyo hilo la jina la mtaa nalijua linavyouma na nalijua lilivyo la uongo nusu. Mumeo anakuambia Panya Road, sawa, watoto wale walisumbua, lakini Septemba 2022 walivamia nyumba za watu Kawe, sasa mbona hakuna anayesema usinunue Kawe? Na Diamond katoka hapo hapo Tandale, dunia nzima inajua, ila ukitaja Tandale mtu anakumbuka mateja tu. Jina la mtaa likishachafuka linabaki hivyo hata mtaa ukibadilika, na kwa mnunuzi hiyo ni nafuu, kwa sababu jina baya ndilo linaloshusha bei.

Ila sasa hapo ndipo ninapokuogopea. Wewe, mumeo, wifi, wote mmekaza macho kwenye vibaka. Kibaka atakuchukulia simu. Barua yako nimeisoma mara tatu na vitu vitakavyokuchukulia milioni 42 umevitaja mwenyewe kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: dada wawili wako Tanga hawana neno, leseni ya makazi ina jina la babu, baba mdogo ataondoka, mto umejengwa. Mwanangu, nyumba hiyo bei haikushuka kwa sababu ya Tandale.

Tuanze na hao dada. Nyie mlivyouza shamba la Muheza mlifanyaje? Nina hakika mlikaa kikao, mlibishana, kuna mmoja alinuna, mwisho mkasaini wote na kila mtu akapata chake. Sasa fikiria kaka yako angeuza peke yake akamwambia mnunuzi "nina dada yangu yuko Dar anauza dawa, hana neno". Ungefanyaje? Ungepanda basi siku hiyo hiyo. Basi na hao wa Tanga wana miguu.

Mtu kusema "mimi ndio nasimamia" haimaanishi kitu mpaka akuonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa mitaa yetu mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, huo ndio wa kupeleka mahakamani akateuliwe. Na hata akiwa nayo, msimamizi anauza kwa niaba ya warithi wote, nyumba si yake, kwa hiyo unataka saini zao wote, wakubwa wote waliotajwa, pamoja na mjane kama yupo. Nenda mwenyewe hiyo mahakama, uliza namba ya shauri, omba kuona kama kuna pingamizi. Kuna kesi za nyumba za babu zinakaa miaka, mnunuzi anazeeka huku anatoa nauli ya mwanasheria, na nyumba ndani wanakaa watu wengine.

Leseni ya makazi nayo watu wengi hawaielewi. Sio karatasi ya bandia, ni ya kisheria kabisa, imo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, na Dar zilianza kutolewa kwa wingi miaka ya 2000 kwa nyumba za maeneo ambayo hayajapimwa. Lakini ni ya muda, inatakiwa ihuishwe, sio sawa na hati ya miaka 33 au 66 au 99. Babu amefariki lini? Leseni iliisha lini? Nani amelipia baada ya hapo? Hayo utayapata manispaa ya Kinondoni, kitengo cha ardhi, unaomba wakufanyie upekuzi kwa namba ya leseni. Ukifika pale uliza pia kama mtaa huo umeshaingia kwenye urasimishaji, yaani nyumba zilizojengwa bila kupimwa zinapimwa zilivyo ili wenyewe wapate hati, na mchoro wa mipango miji unasemaje, kwa sababu unaweza kukuta mchoro umepitisha barabara katikati ya fremu ya kinyozi.

Halafu barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaweza kukuambia ukweli mzuri sana kuhusu nyumba, nani aliijenga, nani wanagombana, na mimi nakushauri ukamwone. Lakini saini yake haigeuzi mauziano kuwa umiliki. Na utakutana na hii habari ya asilimia kumi, kwamba ofisi ya mtaa inachukua asilimia kumi ya bei, kwako ni milioni 6 na laki 8 hiyo! Ukidaiwa, omba sheria inayosema hivyo na omba risiti ya serikali, uone watu watakavyokuwa wapole. Mkataba uandikwe na wakili uliyemtafuta wewe. Wakili aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Sasa mto. Hapo niruhusu nikueleze yaliyonipata mimi, maana sijasoma kwenye kitabu.

Mwaka 2009 mimi na marehemu mume wangu tulinunua nyumba Buguruni kwa hela ya kiinua mgongo chake. Tulikwenda kuiangalia mwezi wa saba, kipupwe, jua safi, udongo mkavu unapauka. Tukaingia vyumba vya wapangaji na kila chumba nikaona vitanda vimenyanyuliwa juu ya matofali, matofali matatu kila mguu. Unajua nilisema nini? Nilimwambia mume wangu, watu wa hapa wana akili, wanapata nafasi ya kuweka ndoo na sufuria chini ya kitanda. Mlangoni kulikuwa na kizingiti cha saruji kimepanda mpaka gotini, nikaruka na gauni langu nikasema hii ni ya kuzuia kuku. Ukutani kuna mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, nikasema rangi imechakaa tutapaka.

Masika ya mwaka uliofuata nikaelewa vitanda. Maji yalikuja saa nane usiku, na hayakuja peke yake, kwa sababu mvua ikinyesha sana uswahilini kuna majirani wanatapisha choo, wanatoboa shimo mvua ibebe kila kitu bure badala ya kulipia gari la majitaka. Kilichoingia uani kwangu sitakiandika hapa kwa heshima ya wanaosoma wakila. Mpangaji wangu mmoja, binti wa kutoka Singida anauza vitumbua, alikuwa amesimama juu ya kitanda ameshika mtoto mkono mmoja na ndoo ya unga mkono mwingine, ananiangalia tu. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo dalali akikuambia mto umejengwa, ni kweli, Mto Ng'ombe ulijengewa kingo za zege kwenye ule mradi wa kuboresha jiji la Dar, DMDP, wa mkopo wa Benki ya Dunia, na barabara za ndani Tandale zikapata lami na mitaro, sio uongo, mtaa umebadilika. Lakini uliza mita. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde la Msimbazi ambako huo mto unamwaga maji watu walishaona alama za X ukutani Desemba 2015, tingatinga likafuata. Chukua futi kamba, au hesabu hatua kutoka ukingoni hadi kwenye ukuta wa choo.

Na kitu kingine cha kuangalia ambacho dalali hatakionyesha: lami ikija mtaani inakuja imepanda. Simama barabarani uangalie mlango wa nyumba. Kama unashuka kuingia ndani, basi barabara nzuri mliyoletewa imegeuza sebule yako kuwa mtaro. Nyumba mbili jirani, moja imeinuliwa moja haijainuliwa, zinapishana bei kwa milioni nyingi na kwa macho zinafanana.

Usiende na dalali. Nenda peke yako siku ya mvua, umevaa ndala, upitie kwa mama ntilie wa karibu, nunua chapati na chai, kaa. Muulize masika maji yanafika wapi, atakuonyesha kwa mkono kwenye mguu wake mwenyewe, hapa, au hapa. Mpe na muda, atakuambia mpaka ugomvi wa hao ndugu. Hakuna upekuzi wa manispaa utakaokupa hayo kwa shilingi elfu moja ya chapati mbili.

Haya tuje kwenye hesabu, na hapa naomba uchukue kalamu kweli. Laki nne na arobaini kwa mwezi ni milioni 5 na elfu 280 kwa mwaka, mpaka hapo dalali kapatia. Ila dalali kahesabu vyumba vinne na chumba kimoja yumo baba mdogo ambaye halipi, toa laki sita, inabaki 4,680,000. Wapangaji wanahama, chumba kinakaa wazi, mwingine anaomba umvumilie mpaka mwisho wa mwezi, toa mwezi mmoja kwa mwaka, inabaki 4,290,000. TRA wana asilimia 10 ya pango, usicheke, wanakuja, hasa kwenye fremu, inabaki 3,861,000. Gari la majitaka mara tatu kwa mwaka tuseme elfu 80 kila safari, inabaki 3,621,000. Bati limetoboka, kitasa, waya, bomba la DAWASA limepasuka, laki tano na umebahatika. Mkononi una kama milioni 3 na laki 1. Kodi ya jengo sijaiweka maana siku hizi inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, wapangaji wanailipa wao halafu wanagombana kwamba nani kamaliza umeme.

Milioni 3 na laki 1 kwenye nyumba ya milioni 68 ni karibu asilimia 4 na nusu kwa mwaka. Sakosi wanataka 15. Asilimia 15 ya milioni 26 ni milioni 3 na laki 9. Hata riba ikishuka kadri unavyolipa, mwaka wa kwanza kodi yote ya nyumba inaingia sakosi kulipa riba na haitoshi, deni lenyewe bado unalilipa kutoka kwenye mshahara wa duka la dawa. Yaani utakuwa na nyumba ya kupangisha ambayo wewe ndio unailipia kodi.

Na hiyo milioni 42 yako peke yake, bila kukopa, hati fungani za serikali za miaka 20, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, zimekuwa zikitoa riba ya zaidi ya asilimia 10, hiyo ni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, inazidi nyumba nzima, na hati fungani haina choo. Sikwambii ukanunue hati fungani, nakuonyesha tu kwamba kodi ya vyumba sio faida ya nyumba hizi na haijawahi kuwa. Wanaonunua uswahilini wakafanikiwa wananunua ardhi ya katikati ya mji, vyumba vinawalipia kusubiri tu.

Ndio maana lile neno la Kariakoo linahitaji kuangaliwa. Kariakoo nayo ilikuwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ni kweli, na leo ni maghorofa. Lakini Kariakoo ilipimwa viwanja tangu enzi za wakoloni, mitaa imenyooka, mtu ana hati, anaenda benki, anaomba kibali, anapandisha. Hata wewe hapo Sinza angalia. Miaka ya 70 serikali ilifanya mradi mmoja kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni walipimiwa viwanja, Manzese ambako watu walikuwa wameshajenga waliletewa barabara na maji bila kubomolewa. Mradi mmoja, miaka ile ile, na kutoka Sinza mpaka Manzese unatembea kwa mguu. Leo mtu akisema anakaa Sinza anatembea kifua mbele na wa Manzese anasema "maeneo ya Ubungo huku". Sidhani watu wa Sinza ni wema kuliko sisi, walipata mistari kwenye ramani mapema basi. Kwa hiyo Tandale inaweza kupanda sana, hasa kiwanja kilichorasimishwa kinachofikika kwa gari. Kiwanja ambacho gari la zimamoto haliingii na mchoro wake haueleweki kitabaki vyumba sita vya elfu hamsini hamsini miaka kumi ijayo pia. Hicho chako ni kipi? Hukuniambia kama gari inafika mlangoni, na ulitakiwa kuanza na hilo.

Mumeo na Chanika yake sitamjibu sana. Kiwanja kilichopimwa ni kizuri, ila kiwanja hakili wala hakilishi, na kwa Chanika usafiri peke yake ni mtihani. Nitakachosema ni kwamba usinunue kwa siri. Sheria inamlinda mwenza kwenye nyumba ya familia, lakini nyuma ya sheria kuna maisha, ukinunua kwa kumkomoa yeye na dada yake utakuwa unakwenda kukusanya kodi peke yako mpaka uzeeni. Mchukue siku ya mvua mwende wote kwa mama ntilie. Mwanaume akishakula chapati mahali haogopi tena mahali hapo.

Sasa hawa wapangaji. Mwanangu hapo umenikwaza kidogo. "Watu wa maana" ni kina nani? Anayekukata nywele mwanao, anayekuletea gesi kwa pikipiki, nesi wa usiku Mwananyamala, fundi aliyeshona sare za shule, wanalala wapi unadhani? Wanalala kwenye chumba cha elfu hamsini. Na kibiashara pia huo mpango ni mbovu. Mwenye uwezo wa kulipa laki na nusu hatakuja kupanga chumba cha korido cha kuchangia choo na familia nne kwa sababu umeweka vigae, atakwenda Sinza au Kijitonyama kwenye chumba cha masta. Utabaki na vigae vizuri na vyumba vitupu. Kinachomfanya mpangaji wa uswahilini akae miaka sita analipa ni choo kinachofungika, maji yasiyokatika na LUKU ya peke yake. Weka mita kwa kila chumba, jenga choo cha pili, utaona unapata nyongeza ya elfu kumi bila kelele, na hao vibaka unaowaogopa mpangaji aliyekaa miaka sita ndiye anayewajua kwa majina na kwa mama zao.

Nusu nisahau, na hii imewapata wengi. Waulize wapangaji, mmoja mmoja, wamelipa mpaka lini. Kaka mwenye shida ya haraka huwa ameshachukua kodi ya miezi sita au mwaka mbele kabla ya kuuza. Unanunua nyumba mwezi wa tatu, hela ya kwanza unaiona mwezi wa kumi, na huwezi kuwatoa maana wameshalipa, mkataba wao unakuja na nyumba. Aliyepokea hela yupo mjini anakula. Iandikwe kwenye mauziano kodi zilizolipwa mbele ni kiasi gani na zikatwe kwenye bei. Vile vile bili ya maji. Vile vile baba mdogo: nyumba ikabidhiwe ikiwa chumba chake kitupu, na sehemu ya hela ibaki kwa wakili mpaka siku hiyo. Mzee aliyeishi chumba kimoja miaka thelathini haondoki kwa kuambiwa "ataondoka", na ukimtoa wewe, mtaa mzima utakuwa na jina lako kabla hujapaka rangi.

Jibu langu basi. Nyumba hiyo, kwa bei hiyo, kwa mkopo huo, na kwa karatasi hizo, acha. Tandale usiache. Kaa na milioni 42 yako, tafuta kidogo zaidi, hata vyumba vitatu, hata banda bovu, lililorasimishwa, juu ya barabara, mbali na mto, mwenye mali yupo hai na mkewe yupo anasaini. Zipo, huwa hazina dalali anayepiga simu saa nne usiku. Utanunua taslimu na hutadaiwa na mtu.

Ila kama moyo umeng'ang'ania hiyo hiyo, basi fanya hili kabla ya lingine lolote na usitoe hata shilingi ya "kushikia": mwombe kaka namba za dada zake wa Tanga. Akikupa, piga wewe mwenyewe kwa simu yako, usikubali yeye akupigie akuwekee spika. Jitambulishe, mwambie mimi nataka kununua nyumba ya babu yenu ya Tandale. Halafu nyamaza, umsikilize. Niandikie alichosema.